Mshale Unaposubiri Hatua Moja

Sogea karibu nikueleze, jambo hili la kumlenga mnyama kwa mshale si gumu. Leo nimekata mgomba, na harufu ya utomvu wake imenirudisha kwenye shamba letu la maharage. Pongo, yule swala wa vichakani, alikuwa akiingia humo kila alfajiri, akila chakula chetu cha msimu mzima. Baba alikuwa ameteguka mkono, hivyo upinde alinipa mimi, binti yake.

Shangazi aliguna. "Msichana na upinde! Nani atakuoa?"

"Pongo haulizi mpigaji amevaa nini," baba alimjibu.

Alinisimamishia kipande cha mgomba, nikapiga, mshale ukazama hadi katikati.

"Tata, pongo kwisha!" nilijisifu kwa baba.

"Mgomba hauna mfupa, mwanangu."

Akaegemeza mfupa wa bega la ng'ombe mbele ya ule mgomba. Nilipiga tena kwa nguvu zangu zote. Mshale uligonga, ukaanguka kwenye majani.

Kesho yake pongo alikuja, akasimama akinipa ubavu. Mguu wake wa mbele, ulio upande wangu, ulikuwa umerudi nyuma na bega limefunika moyo. Nilisubiri. Alipopiga hatua kufuata majani mengine, niliachia. Mshale ulizama, yakabaki nje manyoya yaliyofungwa nyuma ya mshale, na pongo akaanguka kabla ya kutoka shambani.

Nawe subiri mnyama akupe ubavu na asogeze mguu mbele, ndipo upige nyuma ya bega, chini kidogo.