Mkanda wa Cherehani

Mtaa mzima ulijua lini fundi cherehani ana kazi na lini hana. Akiwa na kazi, kanyagio lilikwenda na yeye akaimba. Akiwa hana, palikuwa kimya kama nyumba iliyohamwa. Hakuwahi kuimba akipika wala akifua. Wimbo wake ulianzia miguuni: akalie kiti, akanyage, gurudumu lishike mwendo, ndipo sauti ije yenyewe, kama maji ya bomba lililofunguliwa na mtu mwingine.

Binti yake alikulia chini ya sauti hiyo. Sasa alikuwa msusi mwenye kiti kimoja na kioo kimoja kwenye baraza ya nyumba ileile, na wateja walimwita Midundo, kwa kuwa vidole vyake havikujua kutulia. Alipiga ngoma kwenye chanuo, kwenye mgongo wa kiti, na mara mojamoja kwenye kichwa cha mteja. Akishafunga kazi alifungua kompyuta yake kuukuu, yenye vitufe vilivyong'oka, akatengeneza muziki. Ngoma alikuwa nazo, vinanda alikuwa navyo, vyote humo ndani ya kompyuta. Alichokosa ni sauti ya mtu, na hilo hakuliona kuwa jambo la haraka. Alikuwa akidunduliza anunue draya ya kukaushia nywele. Muziki ungesubiri.

Kisha daktari akamchungulia kooni Mama, yule fundi mwenyewe, akachungulia tena, akaweka tochi yake mezani taratibu mno. Kooni mlikuwa na kivimbe, na hakikuwa na budi kutolewa. Mama angepona, alisema, ila sauti hakuweza kuiahidi. Huenda ingerudi, huenda ingerudi nusu, huenda isirudi. Mama alishukuru, akauliza kama angewahi kumaliza sare za shule za watu. Njiani Midundo aliapa moyoni: kabla ya kisu, sauti hii lazima ibaki mahali.

Draya ikasahauliwa.

Alianzia kwa mjomba wake, mdogo wake Mama, aliyekodisha spika za sherehe na kuamini kwamba shida zote za dunia zinatokana na spika ndogo. Ushauri wake ulikuwa mfupi: mpwa wake anunue spika mbili kubwa kama makabati, mengine yatajipanga. Midundo akamuuliza hizo spika zitapiga nini kama hakuna kilichorekodiwa. Mjomba akakuna kidevu.

"Umeanza kuongea kama mama yako," akasema. "Siku hizi hata mjomba hapumziki."

Dukani kwa muuza vifaa vya muziki macho yalimtoka Midundo. Kulikuwa na nyaya zilizokunjwa kama nyoka waliolala, visanduku vyenye taa ndogo za kijani, mikrofoni zilizolazwa kwenye makasha ya mahameli mithili ya vito. Muuzaji alikuwa mtu wa maneno ya polepole, amevaa hedifoni shingoni kama wengine wanavyovaa tai. Kabla hajamwonyesha kitu alimuuliza chumba kikoje, nani anaimba, na huwa anaimbaje. Midundo alijibu juujuu, chumba kipo na anayeimba ni mama yake, maana jicho lake lilikwishatua kwenye mikrofoni moja nene ya rangi ya fedha, inayoning'inizwa katikati ya nyuzi za mpira kama buibui kwenye utando. Ndiyo aliyokuwa akiiona kwenye video za studio kubwa. Muuzaji alimwonya kuwa hiyo inasikia mno, inataka chumba kilichotulia. Midundo akasema atakituliza. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Alirudi nyumbani nayo, pamoja na kisanduku cha kuiunganisha na kompyuta, na hedifoni za kufunika masikio yote. Akavaa, akawasha, akashtuka. Mikrofoni ile ilikuwa na masikio ya jirani mbeya. Ilisikia bomba la uani likidondoka, pikipiki ya mtaa wa pili, bati likijinyoosha kwa jua. Akafunga madirisha. Akamtoa Mama kwenye cherehani, akamkalisha kwenye kigoda katikati ya chumba, akamsihi asitikisike.

Mama aliimba kama mtu anayesoma tangazo. Maneno yote yalikuwepo, wimbo haukuwepo. Akaanza upya, akakwama, akatazama miguu yake.

"Mwanangu," akasema, "umeikalisha hii miguu bila kazi. Sauti itapita wapi?"

Basi wakajaribu kwenye cherehani. Midundo aliposikiliza, alipata mvua ya mawe juu ya bati: sindano, sindano, sindano, na kwa mbali sana mwanamke anaita kutoka ng'ambo ya mto. Alivua hedifoni akazishika tu mkononi. Siku ya hospitali ilikuwa inakaribia, na sauti ya Mama ilishaanza kukwaruza asubuhi.

Akarudi dukani. Muuzaji hakumcheka. Alirudia maswali yake yaleyale, na safari hii Midundo alijibu sawasawa: chumba kina bati juu na barabara pembeni, na mama yake hawezi kuimba asipokanyaga cherehani. Muuzaji akaipokea ile mikrofoni ya rangi ya fedha, akamkabidhi nyingine nyeusi, ya kawaida kabisa, ya aina wanayoshika washereheshaji. Hii, alimweleza, inasikia kilicho karibu na mdomo, na vya mbali inaviacha vijipitie. Spika asinunue kwanza. Hedifoni alizonazo zinatosha. Kutani atundike nguo nzito, sauti isiruke ovyo.

Nguo si kitu cha kutafuta kwenye nyumba ya fundi. Midundo alitundika kila kitu: makoti yasiyo na mikono, mapazia ya wateja, mablanketi, hadi chumba kikawa kama ndani ya mfuko. Lakini sindano ilikuwa bado. Ilikuwa karibu mno na mdomo, hata mikrofoni nyeusi haikuweza kuisamehe.

Alikaa sakafuni akaliangalia lile gurudumu la chini, na utoto ukamjia. Alipokuwa mdogo alililia kanyagio kama wengine wanavyolilia peremende, na Mama, kwa kuhofia asijishone vidole, alikuwa anavua mkanda wa ngozi unaopeleka mwendo juu. Mtoto akakanyaga kutwa nzima, gurudumu likazunguka, sindano ikalala.

Akanyoosha mkono, akauvua mkanda.

Mama alielewa kabla hajaambiwa. Akakaa, akaweka miguu. Gurudumu likazunguka bila kushona chochote, na kilichosikika ni kiungo cha kanyagio tu, kikilia kidogo kila mguu ulipoteremka. Nje Mjomba, mtu aliyekula maisha yake yote kwa kelele, alisimama barabarani akiwaomba wenye pikipiki wazime na kuzisukuma. Wengine walidhani kuna msiba.

"Hilo kanyagio linalia," Mama alisema. "Ningelitia mafuta."

"Acha tu, Mama. Nitalifuta baadaye kwenye kompyuta."

Mama akaimba.

*Pita sindano, uzi unakufuata,*
*usigeuke nyuma, njia umeiacha.*

Aliimba hadi sauti ilipochoka. Midundo alikuwa ameipa kompyuta mgongo, maana aliogopa kuona ile mistari ya sauti ikipanda na kushuka na kujua kwamba ina mwisho.

Hospitali ilimrudisha Mama akiwa hai, na kwa hilo wote walishukuru. Sauti ilibaki huko. Kilichotoka mdomoni kilikuwa pumzi yenye umbo la maneno, na kumsikia ilibidi umsogelee hadi shavuni. Alirudi kwenye sare za watu. Mtaa ulisikia cherehani peke yake, na wapita njia walipunguza mwendo pale mlangoni, kama mtu aliyesahau kitu.

Midundo alimpa hedifoni, Mama akazisukuma kando. Alimpa tena, ikawa vilevile. Baadaye akaacha kumpa, akawa anazitundika tu kwenye msumari juu ya cherehani.

Asubuhi moja, akiwa anamsuka mteja barazani, Midundo alisikia mlio wa kanyagio bila sindano. Akaacha msuko nusu, akachungulia. Mama alikuwa amevua mkanda. Hedifoni zilikuwa masikioni, macho ameyafumba, miguu inakwenda taratibu. Wimbo wenyewe haukusikika nje. Kilichosikika ni kile kilio kidogo, na midomo ya Mama ikiyafuata maneno.

Midundo alikumbuka ahadi yake. Kile kilio kilikuwa bado kwenye wimbo, hakuwahi kukifuta. Walau hiki cha kwenye kanyagio angekinyamazisha sasa. Akachukua kichupa cha mafuta ya cherehani, akapiga magoti, akalenga kiungo.

Mama akafumbua macho. Akakishika kichupa, akakiweka mbali, nyuma ya mikasi. Kisha akarudisha miguu yake palepale.