Fito Tatu kwa Kila Mgombea

"Wagombea wote wawili nitawaleta hapa hapa Katwe, wasimame juu ya kasha moja, na hakuna atakayeondoka kabla hajatamka ndiyo au hapana. Akiponyoka hata mmoja bila kujibu, mimi Kulthum binti Abdulghani nashuka kwenye kizindaalo hiki na sipandi tena!"

Maneno hayo Kulthum aliyatoa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kupitia honi nne zilizofungwa juu ya mlingoti wa chuma, kwa sauti iliyowaamsha mpaka wale waliokuwa wamejipanga kuamka saa tatu. Kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema hakusikia, na yeye mwenyewe hakuweza kusema hakusema.

Hapo mtaani kizindaalo, yaani spika hizo za mlingotini, ndicho gazeti, ndicho redio, ndicho tangazo la msiba. Kitambulisho kikipotea, Kulthum. Maji yakikatika, Kulthum. Mume akichelewa kurudi tangu juzi, Kulthum, na hapo mume hurudi mbio kabla jina lake halijasomwa mara ya pili. Husoma kwa Kiganda, kisha kwa Kiswahili kwa ajili ya Wakongo na Wakenya wanaokuja kununua mageti na sigiri.

Babu wa babu yake alifika Kampala na misafara ya biashara kutoka pwani, akauza shanga na vitambaa, mvua ikamkuta, akasema atarudi kwao itakapokatika. Ukoo mzima bado unasubiri. Baba yake, marehemu Sheikh Abdulghani, alifundisha Kurani na kuadhini bila kuhitaji spika. Alipofariki, koo lile lote lilikwenda kwa Kulthum. Kaka zake wakagawana nyumba na kujiona wameshinda. Watu wa mtaa humwita Hajati, ingawa safari yake ndefu kuliko zote iliishia Masaka, kwenye harusi, na chakula kilimalizika.

Kwenye maikrofoni aliingia kwa sababu ya jino. Miaka kumi na moja iliyopita alikuwa akikaanga mandazi chini ya mlingoti ule ule. Msomaji wa matangazo akashikwa na jino, akamwomba amsomee tangazo moja tu, la ng'ombe aliyepotea. Kulthum akasoma. Ng'ombe akapatikana kabla ya adhuhuri, akiletwa na watu watatu waliogombana nani amemwona kwanza. Yule mwenye jino mpaka leo anasubiri zamu yake.

Sasa jambo lenyewe. Wiki tatu kabla ya majigambo yale, watu wa jiji waliovaa fulana za kung'aa walipita na ndoo ya rangi nyekundu, wakachora X kubwa, alama ya kubomolewa, kwenye karakana arobaini na tatu zilizo kando ya mfereji. Mfereji ungepanuliwa. Hakuna aliyeupinga, kila mvua kubwa maji yaliingia karakanani bila hodi na kutoka na sigiri za watu. Lakini hakuna aliyejua kama watapewa mahali pengine kabla ya tingatinga kufika. Kibanda cha Kulthum, pamoja na mlingoti wake, kilikuwa namba kumi na saba.

Na kampeni za ubunge zilikuwa zimepamba moto. Magari ya muziki yalipita asubuhi na jioni, wasichana wakicheza juu ya paa, na zile X zikitazama tu. Mheshimiwa Latif alikuwa amekikalia kiti cha jimbo miaka mitano, na Katwe walimwona mara mbili, zote msibani. Mpinzani wake, Madam Akullo, mwalimu mkuu aliyekulia nyumba za wanajeshi kule Mbuya, alizungumza na umati kama darasa lililofeli. Waliulizwa habari ya X, kila mmoja akapunga mkono kutoka dirisha la gari.

Kulthum aliwapataje? Kwa uongo mdogo wenye afya. Kila asubuhi alitangaza: "Mheshimiwa Latif amekubali kuja Jumamosi! Madam Akullo bado anafikiria. Tumpe pole, woga si ugonjwa." Jioni akageuza: "Madam Akullo amekubali! Mheshimiwa tunasikia ana kichwa kinamuuma." Siku ya nne kambi zote mbili zikapiga simu, kila moja ikiapa kwamba haijawahi kuogopa mtu.

Ikabaki kazi ya kupima muda. Katika mkutano mmoja wa nyuma, saa ilishikwa na msaidizi wa mgombea, na dakika tano zake zilichukua muda wa kupika maharage. Hapa akaingia Mubarak, fundi wa kuchomelea wa karakana namba kumi na sita, ambaye Kiswahili chake alikiokota kwa wateja wa Kongo.

"Hajati, hii mambo ya saa wachana nayo. Sisi hapa tunapima na ufito."

Ilikuwa kweli. Katwe fundi akikuambia umsubiri, hasemi dakika mbili, anasema fito mbili. Na ukishaona ufito wa kuchomelea umeungua mpaka mwisho mkononi mwake, unajua kabisa muda umekwisha, ufito hauhongeki. Wakakubaliana: fito tatu kwa kila mgombea. Mubarak ataziunguza mbele ya watu wote, na wa tatu ukizimika, mdomo nao uzimike.

Jumamosi saa tatu asubuhi palikuwa hapatoshi! Watu walikaa juu ya mapipa, juu ya mageti ambayo hayajapakwa rangi, juu ya mabega ya wenzao. Sajenti mstaafu Okwir, mlinzi wa bohari ya vyuma aliyekuwa ameshughulikia kibali polisi, alivaa filimbi yake ya zamani shingoni na kupanga mistari kama gwaride.

"Wewe raia mwenye kofia! Rudi nyuma! Hapa si harusi ya shangazi yako!"

"Afande, mimi ni mpiga kura!"

"Piga kura ukiwa umekaa chini!"

Kulthum alipanda juu ya kasha, moyo ukimdunda mpaka akausikia kwenye honi. Akakohoa mara mbili kama kawaida yake, akasoma swali moja, lile lile: "Ukichaguliwa, utasimama tusivunjiwe kabla ya kupewa mahali pengine? Ndiyo au hapana. Mheshimiwa Latif, zamu ya kwanza imekuangukia wewe."

Latif akachukua maikrofoni, akatabasamu. Mubarak akashusha kioo cheusi usoni, akagusisha ufito kwenye bamba la chuma, cheche zikaruka.

Na honi nne zikakata roho.

Zilitoa sauti ya paka ndani ya gunia, zikanyamaza. Mubarak alipoinua mkono, zikafufuka: "...wapendwa wananchi..." Alipogusisha tena, paka akarudi gunini. Mstari mzima wa karakana unakula umeme wa waya mmoja, na mashine ya kuchomelea ikiamka, vingine vyote husinzia. Kila mtu pale alilijua hilo. Lakini miaka kumi na moja Kulthum amesoma matangazo kabla mashine hazijawashwa, au mchana zikiwa zimepumzika. Sauti yake na cheche za Mubarak hazijawahi kukutana. Mtaa mzima wa mafundi, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka!

"Hii ni hujuma!" Latif alipiga kelele. "Wamenikatia sauti!"

"Nani akukatie?" Akullo akajibu. "Sauti yenyewe tuliisikia lini?"

Hapo vijana wa kambi mbili wakaanza kuvua mashati. Okwir akapuliza filimbi mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Watu wa Latif walikuwa tayari wanamfungulia mlango wa gari, na Kulthum akaliona jambo zima likimponyoka: wagombea wanaondoka, swali linabaki hewani, na kesho saa kumi na mbili na nusu yeye yupo chini ya mlingoti, na karai la mandazi.

Akauchomoa waya wa spika.

"Mubarak, endelea! Ufito unabaki, spika inakwenda kulala!" Safari hii lilikuwa koo la Sheikh Abdulghani, bila honi, na mtu wa ng'ambo ya barabara aligeuka. "Zimeni mashine za grenda! Zimeni redio! Boda, zima pikipiki yako! Mheshimiwa, kama una neno, utalisema kwa mdomo uliozaliwa nao. Au unakwenda nyumbani?"

Mbele ya watu mia tano hakuna mgombea anayekwenda nyumbani. Latif akafunga mlango wa gari, taratibu, kama vile alitaka tu kuangalia kama unafunga.

Pakatulia. Katwe, saa tatu na nusu asubuhi, unasikia nzi! Watu waligeuza nyuso kukwepa mwanga wa kuchomelea, na kwa kuwa hawakuwa na cha kutazama, walisikiliza. Latif alianza na barabara. Akapita kwenye barabara, akarudi kwenye barabara, akaahidi taa za barabarani, na ufito wa tatu ukazimika akiwa bado barabarani. Zamu ya Akullo. Yeye alisema swali ni zuri sana, linahitaji kamati. Kamati itakutana na wadau. Wadau watachagua kamati ndogo. Ufito wa tatu ukazimika kabla kamati ndogo haijapata mwenyekiti.

Kulthum akahesabu. Fito sita zimekwisha, ndiyo hakuna, hapana hakuna. Umati ukaanza kumwangalia yeye badala ya wagombea, na yule mwenye kofia akasema kwa sauti ya kutosha, "Hajati, kesho mandazi yatakuwa ya moto?"

"Ngoja kwanza," Mubarak alisema, akiinua kioo. "Hajati, majibu yao iko hapa."

Akalisimamisha bamba. Fundi wa Katwe hawezi kuunguza ufito bure, mkono unamuuma. Kwa hiyo muda wote ule, badala ya kuchoma takataka, alikuwa akiandika kwa chuma kilichoyeyuka kile alichosikia kutoka kwa kila mgombea. Kushoto, herufi kubwa zenye matuta, bado zinafuka moshi: LATIF – BARABARA. Kulia: AKULLO – KAMATI.

Kicheko kilichopasuka hapo kiliwatoa njiwa juu ya mabati. Watu walipigana mabega, simu zikainuliwa juu kama msitu. Okwir, aliyekuwa amejiapiza kutochukua upande wowote, aliinama akishika magoti.

"Hilo mnalipeleka wapi?" Akullo aliuliza.

Kulthum hakuwa amefikiri kulipeleka popote. Lakini ulimi wake umezoea kumtangulia. "Juu ya mlingoti, Madam. Pale kando ya barabara kuu. Litakaa mpaka siku ya kupiga kura, na baada yake. Halifutiki kwa mvua, halichaniki, na rangi ukilipaka matuta yanasomeka."

Akullo alilitazama neno KAMATI kwa muda, kama mwalimu aliyekutana na mwandiko wake mwenyewe wa darasa la pili. Kisha akavua saa yake, akaitia mfukoni.

"Fundi. Andika NDIYO chini ya jina langu."

"Na mimi!" Latif alikuwa amefika kwenye bamba kabla Akullo hajamaliza. "Andika yangu kwanza. Na iwe kubwa kuliko yake!"

"Mheshimiwa, panga foleni," Okwir alisema.

"Ndiyo ya nini?" Kulthum alifoka, bila kuificha furaha yake. "Ndiyo peke yake hata bwana harusi anasema! Tamkeni yote, mmoja mmoja, na Mubarak aandike."

Wakatamka. Kila mmoja juu ya kasha, kwa mdomo mtupu, mbele ya watu waliorudia kila neno kwa pamoja kama wanafunzi wa Sheikh: hakuna kuvunja kabla ya kupewa mahali pengine. Mubarak alimaliza pakiti nzima ya fito, jasho likimtiririka kidevuni, na kila herufi iliyozimika ilipigiwa makofi. Majina ya wawili hao yalichomelewa chini, urefu sawa. Latif alikuja na futi ya kupimia kuhakikisha. Bamba likapandishwa mlingotini na watu kumi waliofanya kazi ya watu wanne.

Kufikia Jumatatu, kila gari la muziki lililopita lilisimama chini yake, kila kambi ikidai ndiyo ya mgombea wake ilitangulia. Picha ilizunguka kwenye simu mpaka Ggaba, kule ziwani. Na wateja wakaanza kufika kwa Mubarak, ila hawakutaka mageti. Mchuuzi wa samaki alimleta mumewe kwa mkono, aandikiwe kwamba hataoa mke wa pili. Mwalimu wa kwaya alitaka waimbaji wake waahidi kuwahi. Okwir alitaka la kwake, kuacha sigara, kisha akasema atafikiri kwanza.

Jumanne, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Kulthum alipanda kwenye kibanda namba kumi na saba, akashika maikrofoni, akakohoa mara mbili. Akasoma msiba mmoja, vitambulisho viwili vilivyookotwa, na tangazo la karakana ya jirani yake, Mubarak. Ahadi ya bamba, maneno yasiyozidi kumi, jina la mwenyewe chini, ni shilingi elfu thelathini na tano.