Mama Mkwe na Gunia la Chumvi

Kule milimani, anayekodi gari zima amelipia viti vyote, hata asivyovikalia. Ndiyo makubaliano, na dereva wetu aliyaheshimu kwa mdomo. Moyoni, kiti kitupu kilimuuma kama jino bovu. Akabuni dawa: kila aliyemkodi alimwambia kwamba gari jepesi haliwezi kona za matope, linaserereka, lazima wakae watu wawili nyuma walikandamize. Watu hao hawakukosekana. Walikuwa wakimngoja njiani, nauli mkononi. Na mteja akija na mizigo mingi, alikuwa na wimbo wa pili: uzito ukizidi, breki hazishiki.

Katika hao wa kukandamiza, mmoja tu hakutozwa: mama mkwe wake. Yeye aliamini hiyo ni heshima ya mkwe.

Sasa heshima hiyo ilikuwa imetiwa doa. Juma lililopita dereva alimpita mama njia panda, mbio na mteja mnono, bibi wa watu akanyeshewa mpaka akalowa chapachapa. Mke akafungasha, akarudi kwao mlimani. Asubuhi hii alikuwa amepiga simu:

"Mama ameshuka sokoni. Ukimfikisha mlangoni, tunarudi wote nyumbani. Ukimwacha tena, usijisumbue hata kupiga honi."

Mteja wa siku hiyo alikuwa muuza chumvi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kufungua milango. Walivutana bei pale kituoni mpaka madereva wengine wakaacha chai yao ipoe. Bei ilipokatika, mama chumvi akapiga makofi. Wapagazi wakaja na magunia, wakayapanga kiti cha nyuma mpaka dirishani.

"Dada, hayo hatukukubaliana."

"Kaka, safari iliyopita si ulinipakilia watu nisiowajua, mmoja akanisinzilia begani? Ukasema gari linataka uzito. Haya, nimekuja na uzito wangu. Huu hausinzii."

Madereva wakacheka mpaka mmoja akajimwagia chai. Njia ya mwongo fupi, na hii haikufika hata nje ya kituo.

Pale njia panda mama mkwe alikuwa amesimama na kikapu chake na mwavuli mpya. Amejifunza. Dereva akakanyaga breki.

"Dada, huyu ni mama mkwe wangu. Nakuomba tumchukue."

"Shikamoo mama," mama chumvi akasema, sauti imejaa asali. "Mimi sina neno. Ila, kaka, breki je? Si ulisema uzito ukizidi hazishiki? Mimi nina watoto."

Dereva akapiga hesabu. Akikiri kwamba matope na breki ni hadithi zake, soko zima litajua kabla ya jua kuzama. Akiondoka bila mama, ameondoka bila mke.

"Basi tushushe gunia moja," akasema. "Tuliache hapo kibandani kwa muuza sabuni. Mama akae mahali pake."

Mama chumvi akamwangalia bibi yule juu mpaka chini, kama apimaye mzigo.

"Hapana. Gunia limemzidi. Gari litaserereka."

"Mama ni mzito!" dereva akaropoka. "Mimi namjua! Miaka yote nampandisha kwa kazi hiyo hiyo!"

Mama mkwe akafunga mwavuli wake taratibu.

"Kazi ipi, baba?"

Mama chumvi ndiye aliyemsaidia dereva kujibu, kama huo ni msaada.

"Ya kukandamiza gari, mama. Lisiteleze."

"Ala! Nami nawatambia majirani kwamba nimepata mkwe." Bibi akatua kikapu chini, akakalia jiwe. "Haya. Kama ni kazi, ina ujira. Na wa miaka iliyopita tusiusahau."

"Mama, jamani, twende kwanza..."

"Sipandi."

"Hapo umesema, mama," mama chumvi akaitikia. "Na mimi gunia langu alifuate kesho, bure."

Biashara haina aibu, lakini wenye biashara wanayo kidogo. Dereva akakubali yote mawili, harakaharaka, kabla hawajakumbuka la tatu. Gunia likashuka, mama akapanda, na gari likapanda mlima bila kuserereka hata chembe, jambo ambalo hakuna aliyemuuliza.

Juu, baada ya kumshusha mama chumvi na magunia yake, dereva akapiga honi mlangoni kwa mama mkwe. Mke akatoka na begi, akamwona mama yake mkavu, akatabasamu. Kisha akaona nauli yote ya mama chumvi ikihama kutoka mfuko wa dereva, noti kwa noti, kuingia kwenye fundo la khanga ya mama.

"Ya nini hiyo?"

"Mshahara wa kukalia kiti cha nyuma," mama akasema, akaingia ndani.

Dereva akamfungulia mkewe mlango wa mbele, kwa adabu zote. Mke hakuusogelea. Alitupa begi lake kiti cha nyuma, akabaki ameshika mlango.

"Nisubiri kidogo," akasema. "Huku nyuma mnalipa shilingi ngapi?"