Tochi ya Mlinzi

Jumapili ile tulikuwa wanne nyumbani Moshono: mimi, mdogo wangu wa kiume, ambaye kesho yake alitakiwa kuripoti shule ya bweni kuanza kidato cha tano, mdogo wetu wa mwisho, msichana wa darasa la nne, na bibi mzaa mama, aliyeshuka kutoka Nkoaranga na mkungu wa ndizi kuja kumuaga mjukuu wake. Baba na mama walishafariki zamani.

Asubuhi, tukitoka kanisani, huyo mjukuu alikuwa ameniambia kwamba haendi. Atabaki ashone nguo pamoja na mimi.

"Wewe uliacha kidato cha pili kwa ajili yetu. Sasa ni zamu yangu. Ni deni, dada."

Nikatangulia mbele. Nikikasirika huwa natembea haraka.

Baada ya chakula akafungua laptop ya rafiki yake, iliyotakiwa kurudi jioni. Ndani kulikuwa na gemu la mpelelezi. Unamwongoza mtu aliyevaa koti refu katika mji, anauliza watu maswali, mpaka ajue nani alimuua fundi saa. Watu wanaongea Kiingereza na maneno yanatokea chini ya picha. Mdogo wangu alikuwa anatusomea kwa Kiswahili. Tulishusha pazia ili kioo kionekane vizuri.

Mtu wa kwanza tuliyekutana naye ni mzee muuza magazeti. Mdogo wangu akaenda moja kwa moja kwenye swali.

"Amemwamkia?" Bibi akauliza. Alikuwa amekaa mlangoni anamenya ndizi.

"Bibi, huyu ni mpelelezi."

"Mpelelezi hakulelewa? Unamuulizaje mtu habari za msiba hujamwamkia?"

Kumbe sehemu ya salamu ilikuwepo, ila mdogo wangu huwa anairuka. Akaibonyeza. Mzee akaanza kueleza goti lake linavyomsumbua, kisha mambo ya mwanawe. Tangu hapo hatukuthubutu kumpita mtu. Tukamwamkia mama wa mikate, tukamwamkia padri, tukamwamkia na mlinzi wa ghala, ambaye hata hakuwa na cha kutueleza. Hatukujua kwamba kila mazungumzo yanasogeza saa ya gemu. Tulipofika kwenye duka la fundi saa, mlango ulikuwa umefungwa na mji wote umeingia giza.

"Bibi katuchelewesha!" akalalamika mdogo wetu wa mwisho.

"Mimi? Mimi niko na ndizi zangu hapa."

Tukazunguka. Milango iliyofunguka mchana sasa haikuitika. Mvua ilikuwa inanyesha, vichochoro vinafanana, na mpelelezi hakuwa na taa. Mdogo wetu wa mwisho, ambaye usiku haendi chooni bila kuniamsha, ndiye aliyekuwa anatoa amri: "Kushoto. Sio huko, huko tumeshapita. Fuata ule moto."

Moto ulikuwa wa yule mlinzi wa ghala. Alimtambua mpelelezi mara moja.

"Anasema, wewe ndiye uliyenisalimu mchana," mdogo wangu akasoma. "Wengine wote hunipita tu. Chukua tochi yangu. Ninayo hii moja, uirudishe kabla hakujakucha."

"Unaona?" alisema Bibi.

Kisha mlinzi akauliza: nani anakusubiri nyumbani? Yakatokea majibu matatu. Mdogo wangu akayasoma polepole. Hakuna mtu. Yupo, lakini nilimkimbia. Yupo, ndiye aliyenituma.

Mkono wake ukabaki juu ya vitufe.

"Bonyeza la tatu," nikamwambia.

"Dada, hili ni gemu tu."

"Najua. Na wewe nimekutuma. Sikuacha shule ili hapa ndani tuwe mafundi wawili."

"Na deni je?"

"Utalilipaje kwa kukalia kiti changu? Cherehani yenyewe ni moja. Mimi nitakaa wapi?"

Bibi akacheka mpaka akaweka kisu chini. Mdogo wangu hakucheka. Alifuta macho kwa mkono wa shati, akabonyeza la tatu. Pembeni ya kioo pakatokea maneno mapya, akayasoma: "Unadaiwa tochi."

"Basi airudishe sasa hivi," akasema Bibi.

Lakini rafiki mwenye laptop alikuwa ameshafika nje, anaita: "Oya, mwanangu, naifuata mashine yangu!" Mdogo wangu akahifadhi gemu pale tulipofika, akafunga laptop, akampelekea.

Kesho yake alibeba tranka lake akaenda shule. Mdogo wetu wa mwisho alimuuliza getini, "Na yule mlinzi?"

"Nikirudi likizo."

Likizo haijafika. Bibi akinipigia simu kutoka Nkoaranga anataka kwanza nimwamkie vizuri, kisha anauliza kama yule mtu wa koti ameshairudisha tochi ya watu. Namjibu bado.