Kiti Ambacho Papa Alikikataa

Juzi hapa Goma, vijana wawili walikuwa wakihamisha kabati. Wa nyuma alikuwa amefunikwa uso na mbao, haoni kitu, na wa mbele alimwambia kila kilichokuwa njiani: "Kuko jiwe. Nyanyua muguu. Sasa mutaro. Polepole." Nilisimama kando ya barabara na fungu langu la sombe, majani ya mihogo, mkononi mpaka wakapotelea kwenye kona. Kabati lenyewe halikuwa na maajabu yoyote. Kilichonisimamisha ni ile sauti ya mtu anayeona kwa niaba ya mwenzake. Mimi nililelewa ndani ya sauti hiyo.

Mama aliugua macho nikiwa bado nanyonya. Nilipopata akili, alikuwa akitambua mwanga na giza tu, basi. Tulikaa Kalembe, juu ya kilima, tukilima maharagwe na mihogo kama majirani zetu wote. Papa alikuwa mzee wa kanisa. Kila Jumapili alikaa mbele, kwenye benchi la wazee linalowatazama waumini, na sifa yake kubwa ilikuwa moja: hakuwahi kusema uongo. Watu wakigombania mpaka wa shamba, walimwita. Akisema mpaka unapita hapa, jembe liliwekwa chini.

Papa huyo, asiyependa maneno mengi mbele za watu, akiwa na Mama hakunyamaza. Njiani Mama alishika ncha ya mpini wa jembe la Papa, naye Papa akamsimulia dunia: maharagwe yametoa maua, ukungu umeshuka mpaka mtoni, mbuzi ya jirani imeingia tena katika mihogo yetu. "Mama Shukuru anakuja, amevaa kitenge ya rangi ya mayani," alinong'ona, na Mama akaita kwa sauti, "Mama Shukuru, kitenge hiyo imekupendeza!" Wageni waliondoka wakibishana kama kweli yule mwanamke haoni. Hata kanisani, ibada ikiisha, alimweleza jinsi kravati ya pasta ilivyokuwa imepinda. Mama alicheka mpaka akafunika mdomo na kitambaa.

Kaka mkubwa wa Papa, aliyechunga ng'ombe huko Kirolirwe, alikuja siku moja na bidoni ya maziwa na shauri lake. Nilikuwa nachambua mchele sebuleni, wakaongea kana kwamba mimi ni kinu.

"Mudogo wangu, bibi asiyeona atakulimia namna gani? Tafuta wa pili. Batu wanakucheka unapika bugali."

"Bache wacheke," Papa alisema. "Mbele ya Mungu niliapa na yeye, siyo na macho yake."

Baba mkubwa alikunywa maziwa aliyoyaleta mwenyewe, akarudi kwake.

Kisha ikaja asubuhi ile ya risasi. Zilianza upande wa mabonde, na kabla uji haujachemka kilima kizima kilikuwa njiani kuelekea Walikale. Papa alijitwisha gunia lenye sufuria na nguo, mimi nikapewa bidoni ya maji, na Mama, ambaye tumbo lake lilikuwa kubwa sana wakati huo, akashika mpini kama kawaida. Tuliacha vilima vyenye upepo tukaingia msituni, penye joto la majani yaliyooza na matope yanayovuta mguu kama mtoto anayevuta nguo ya mama yake. Papa hakuacha kusema. "Muti imelala njiani. Kaa juu yake, zungusha miguu. Vizuri. Sasa mutoni, maji inafika magoti."

Njia hiyo ilipita katika kijiji alikozaliwa Mama. Nyanya, mama yake, alikuwa akiishi huko bado. Tangu asubuhi Mama aliuliza, "Hatujafika kwetu?" na Papa akajibu, "Bado kidogo."

Tulifika jua likiwa juu. Hakukuwa na nyumba hata moja. Palikuwa na nguzo nyeusi, nyingine zikitoa moshi, na vigae vya vyungu. Kuku mmoja alitembea katikati ya majivu akichagua pa kukanyaga. Hapakuwa na mtu, na majirani zetu walikuwa wametutangulia mbali. Papa alisimama. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimsikia akikosa la kusema.

"Papa Furaha," Mama alimwita. Furaha ni mimi. "Mbona unanyamaza?"

Papa alinitazama. Hakunionya wala hakuweka kidole mdomoni. Alinitazama tu, jinsi mtu mzima anavyomtazama mtu mzima mwenzake, kisha akatazama tumbo la Mama.

"Niko naangalia kwenu," alisema. "Manyumba yote iko. Ya mama yako mulango imefungwa na kamba. Bote walikimbia mbele yetu. Hata ndizi walikata, walibeba."

Mama aliinamisha kichwa kidogo upande. Kisha akasema, "Basi, twende." Akatembea haraka kuliko alivyotembea tangu tuanze safari, mpaka Papa akalazimika kuongeza mwendo.

Mdogo wangu alizaliwa Walikale, mzima, mwenye sauti ya kuudhi majirani. Habari za nyanya zilitufikia baadaye: alikuwa amefia msituni, akikimbia. Mama alilia, mtoto akiwa mikononi. Papa aliketi pembeni yake, akampokea mtoto kila alipohitaji mikono miwili ya kulilia.

Kanisa la Walikale lilikuwa na watu wengi wa kwetu, na pasta wa pale alizijua sifa za Papa. Siku moja alimfuata nyuma ya kanisa, nilipokuwa naanika nepi kwenye majani, akamwambia benchi la wazee linamngoja.

"Siwezi, Pasta," Papa alijibu. "Nilisema uongo."

"Mungu anasamehe. Tubu."

"Nikitubu, nitaacha kuusema. Na huu sitaacha."

Pasta alimtazama sana, kisha akamshika bega na kwenda zake. Mimi nilibaki na nepi mkononi. Nilikuwa na umri wa kuamini kwamba jehanamu iko chini kidogo tu ya mashimo ya mihogo, nikaanza kumhofia Papa. Kila Jumapili aliketi benchi la mwisho karibu na mlango, Mama kando yake, ingawa wanakwaya walimwita Mama akae mbele. Wakati wa kuomba rehema nilifungua jicho moja kumchungulia, nione kama ameanza kuungua.

Hakuungua. Mgonjwa akihitaji kubebwa kwa kipoyi, machela ya miti, hadi hospitali, bega la kwanza chini ya mti lilikuwa lake. Alichimba makaburi ya wageni wasio na ndugu. Alipanda juu ya paa la kanisa kuziba mabati, na akishuka alimweleza Mama jinsi mji unavyoonekana kutoka kule. Mapasta walibadilishwa, kila mpya alimwomba aje mbele, na kila mmoja alijibiwa, "Hapa nilipo napaona vizuri." Hivyo ndivyo alivyoishi mpaka homa ilipomchukua, mvua za mwaka juzi.

Baada ya matanga nilibaki na Mama siku chache. Tulikuwa uani tukipukucha maharagwe. Nilifikiri ni haki yake kujua kwa nini mume wake alikufa bila kiti chake, nikaanza kuzungusha maneno. Hakuniachia nifike mbali.

"Unataka kuniambia juu ya manyumba ya kwetu," alisema.

Vidole vyangu vilisimama. Vyake viliendelea.

"Mama, ulijua?"

"Mutoto wangu, nilikosa macho, sikukosa pua. Na ule mupini ulikuwa unatetemeka mu mukono yangu."

"Na hukumwambia? Miaka hii yote?"

Alipukucha ganda moja, la pili, kabla ya kujibu.

"Kujua na kuambiwa haifanane. Kama angeniambia, ningekaa chini pale nilie mama yangu, na singeinuka. Mudogo wako angezaliwa mu majivu. Hakuniambia, njo maana nikapata namna ya kutembea." Akapapasa mpaka akapata goti langu. "Aliubeba ule uongo kwa ajili yangu. Kumuambia kama najua, ingekuwa kumuambia alibeba bure. Basi nilimuachia. Kila Jumapili nilienda kukaa naye kule nyuma."

Nimeolewa, nina watoto, na nilidhani nimekwisha kuwaelewa wazazi wangu. Miaka yote nilihesabu kwamba katika ndoa ile mmoja aliona na mwingine aliongozwa. Wala halikunijia wazo la kujiuliza kwa nini Mama, aliyeitwa kila Jumapili akae mbele karibu na kwaya, naye alikataa.