Sauti ya Pili ya Fidla

Wiki iliyopita nilipiga simu kuuliza kwa nini umeme wa nyumbani kwangu hapa Msambweni unakuja na kupotea kama homa ya vipindi. Yule binti wa upande wa pili akaniambia kwa adabu zote, "Subiri kidogo, mama," kisha akanitupa kwenye muziki. Nawe unaujua muziki wa kusubirishwa ulivyo. Unasubiri mpaka mvi zinaota, unazinyoa, zinaota tena. Lakini safari hii zilikuwa fidla. Mbili tu, zinakwenda polepole, moja mbele, nyingine nyuma yake. Nilikuwa nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi. Mkono ukasimama wenyewe.

Niliwahi kuwa fidla, mwenzangu. Usicheke. Sikuwahi kuishika, nilikuwa fidla yenyewe.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Mama alikuwa dobi katika hoteli moja ya Diani, nasi tulikaa kota za wafanyakazi nyuma ya hoteli: mama, bibi na mimi. Kota zile zilinuka sabuni na wanga wa kunyooshea mashuka, na asubuhi zikanuka mahamri ya bibi. Watoto tulikuwa wengi kuliko kunguru, maana wazazi walikuwa wametoka kila pembe ya nchi kuja kufanya kazi pwani.

Kisha watalii wakaacha kuja. Wakubwa walizungumza kuhusu sababu wakinong'ona juu ya vichwa vyetu. Sisi tuliona matokeo tu. Mpishi aliandaa meza ndefu kama barabara ya Lunga Lunga, wakaja wazungu wawili, nao walikuwa wanatafuta choo.

Aliyeumia kimyakimya ni mpiga kinanda wa ukumbini. Alikuwa mtu wa bara, mwembamba hata upepo wa kusi ulimwonea huruma, na Jumapili alifundisha kwaya kanisani Ukunda. Kwa hiyo sote tulimwita mwalimu. Kwa majuma mengi alipigia viti vitupu. Alasiri moja akatoka nje amebeba redio ya kaseti, akakaa kwenye ngazi za chumba cha kufulia.

"Njooni ninyi," akatuita. "Viti vimechoka kunisikiliza."

Kaseti zake zote zilikuwa simfoni, ule muziki mrefu wa ala nyingi pamoja, za mji wa mbali unaoitwa Vienna, za zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Zama zile, alisema, watu walipenda muziki ulio wazi na wenye mpango, ambao ukiuliza swali unalijibu. Tulijifunza watungaji watatu kana kwamba ni majirani. Wa kwanza tulimwita Mzee, mwenye nywele za bandia mithili ya makumbi ya nazi, ambaye alitunga simfoni nyingi mno hata nikaamini alikuwa akitunga huku amelala. Wa pili tulimwita Kijana, aliyetunga simfoni akiwa mtoto kama sisi na akafa mapema. Wa tatu alikuwa Mkali, aliyezirithi zama zile, akazivunja milango, kisha masikio yakamfia.

Simfoni ina sehemu nne, na mimi nilizielewa kwa kazi ya mama. Sehemu ya kwanza ni asubuhi, mashuka yamefika na watu mbiombio. Ya pili ni polepole, nguo ziko kambani na upepo unazichezea. Ya tatu ni ya kucheza kwa madaha, ndipo pasi inapokwenda huku na huku. Ya nne ni wingu limetanda na kila mtu anakimbia kuanua. Nilipomwambia mwalimu, alicheka mpaka akashika ukuta.

Ala hatukuwa nazo. Basi akatugawia midomo, kila mmoja aimbe kama ala yake. Mtoto wa mpishi akapewa ala ambayo bibi aliisikia kwenye kaseti akasema, "Ah, hiyo si nzumari hiyo? Imekwenda Ulaya ikavaa suti." Wengine wakawa baragumu, wengine fidla nene. Binti wa mlinzi wa lango, rafiki yangu wa kufa na kuzikana, alipewa fidla ya kwanza kwa kuwa sauti yake ilipanda bila ngazi. Mimi nikawa fidla ya pili. Kazi ya fidla ya pili ni kumfuata mwenzake na kumjazia chini. Nilifurahi. Popote alipokwenda yule mimi nilikuwa nyuma yake, hata kabla ya muziki.

Ndipo wazazi wakaambiwa kwamba kazi zitapunguzwa kidogo kidogo. Wataanza watu wa jikoni, kisha wa bustani, mpaka wabaki mlinzi wa lango na dobi wa kufua mapazia kabla ya kufunga. Jioni ile hakuna aliyeimba.

Mwalimu akatusimulia habari ya Mzee. Mzee na wanamuziki wake waliajiriwa na bwana mkubwa mwenye kasri mashambani, na mwaka mmoja bwana yule akawaweka huko hadi msimu ukapita, wake na watoto wao wako mbali. Kusema waliogopa. Mzee akatunga simfoni ambayo mwishoni kila mpigaji anamaliza sehemu yake, anazima mshumaa wake, anaondoka. Anatoka nzumari, anatoka baragumu, wanaendelea kutoka mpaka zinabaki fidla mbili. Bwana akaelewa, akawaruhusu waende kwao.

"Basi tumpigie meneja," akasema rafiki yangu. "Akiona vile inakaa tukienda, atatuacha tubaki."

"Wale waliomba kuondoka," mwalimu akamwambia taratibu.

"Sasa si ni muziki tu? Hata kuomba kubaki utaomba."

Mimi nilikwisha amini. Katika hesabu yangu, fidla mbili hubaki. Wengine wakienda itaniuma, lakini yeye na mimi tumo ndani ya simfoni, tumeandikiwa.

Tulifanya mazoezi mpaka kuku wa kota wakaijua. Siku yenyewe, baada ya maghribi, ukumbi ulizimwa taa, kila mtoto akawa na koroboi yake. Akina mama walijipanga nyuma na leso zao, bibi akakaa mbele. Meneja alikuja na tai shingoni, akaketi peke yake katikati ya viti vile vyote.

Tuliimba, wallahi. Hata Mzee angetoka kaburini atafute nywele zake. Tukafika mwisho. Mtoto wa mpishi akamaliza nzumari yake, akapuliza koroboi, akainuka, akaelekea mlangoni gizani.

Sasa bibi alikuwa mtu wa pwani. Kwake mtu hatoki nyumbani hivihivi, lazima asindikizwe, na kama ni giza asindikizwe kwa taa.

"Enyi! Mtoto aenda gizani peke yake na nyote mwatazama?"

Akainuka na koroboi aliyoinyakua kwa mmoja wetu, akamfuata. Mama zetu wa hapa wakainuka kwa mazoea. Wa bara wakaona aibu kubaki wameketi. Watoto nao, kuona mama zao wanatoka, wakabeba taa zao zinawaka, wakatoka. Kwa kufumba na kufumbua simfoni yote ilikuwa nje kwenye njia ya changarawe, inamsindikiza mtoto ambaye kwao ni chumba cha tatu. Rafiki yangu na mimi tulikuwa wa mwisho mlangoni. Nikageuka. Mwalimu alikuwa bado ameinua mikono. Meneja alikuwa amelegeza tai.

"Na mimi je?" akasema, si kwa sauti ya mkubwa. "Mimi nani atanisindikiza?"

Tulikuwa hatujui kwamba naye alikwisha ambiwa afunge mizigo.

Bibi alirudi mlangoni na koroboi. "Shika taa, mwanangu. Twende."

Akaishika, akaja.

Hakuna kazi iliyorudi. Juma lililofuata mpishi akaondoka, nasi tukamsindikiza hadi steji. Kisha watu wa bustani, wahudumu, meneja, na mwalimu na redio yake, ambaye hadi leo sijui aliko. Kila safari sisi wasindikizaji tulipungua, na njia ya kurudi ikarefuka. Kota zikabaki na kamba za nguo bila nguo. Lakini dobi alibaki na mlinzi alibaki, na kila maghribi fidla mbili ziliimba kwenye ngazi za chumba cha kufulia, nami nilijua ndivyo ilivyotungwa.

Kisha akaletwa mlinzi mwingine, na baba wa rafiki yangu akatakiwa arudi bara.

Bibi na mimi tuliwasindikiza. Mama alikuwa na mapazia majini. Nililia tangu langoni.

"Wewe, mbona unalia na bado sijaenda?" akasema rafiki yangu. "Ngoja basi nipande gari." Halafu akanishika mkono. "Nikifika, kila jioni nitaimba yangu. Wewe uimbe yako. Si ni wimbo mmoja tu umekatwa mbili?"

Nilitimiza. Tulipohamia hapa Msambweni, kila jioni niliimba yangu uani. Lakini sauti ya pili ikiwa peke yake si wimbo. Ni mtu anayeitikia na hakuna aliyeita. Majirani walidhani naumwa jino, mmoja akaniletea karafuu.

Hoteli ile imekuwa gofu lenye popo, nao bibi na mama nimewasindikiza mwisho wa kusindikizwa. Utu uzimani nilisoma shule ya usiku, darasa limejaa wazee wanaokoroma kwa sauti nne, nikafaulu, na bado kila nikitembea barabarani huwa naacha nafasi ya mtu mmoja mbele yangu.

Basi wiki iliyopita, juu ya mbuzi, simu sikioni, fidla ya kwanza ilikuwa inapanda bila ngazi. Sikujua kama ndiyo simfoni ile au nyingine. Nikafungua mdomo nikaingia na yangu, chini yake, pale pale pake. Tukaenda pamoja kipande kizuri.

Ikakatika. "Samahani mama kwa kukusubirisha," akasema yule binti.

"Hapana, mwanangu," nikamwambia. "Si wewe uliyenisubirisha."