Fundi wa waipa anayejifunza kutazama mbali

Saa moja asubuhi. Mvua imekatika muda si mrefu, na magari sita yamekwisha kupanga foleni kando ya kituo cha mafuta. Mama Waipa, kama kila mtu hapa anavyomwita, anakunja kitambaa kizito na kukilaza juu ya kioo cha gari la kwanza. Ndipo anapochomoa waipa.

"Ule mkono wa chuma ukibaki mtupu halafu ukuponyoke, unapasua kioo," anasema. "Wiki yangu ya kwanza nilipasua kimoja. Nililia mpaka mwenye gari akawa ndiye anayenibembeleza."

Hiyo ni miaka kumi na tatu iliyopita. Siku ya mvua huhudumia magari thelathini. Wakati wa kiangazi, manne yakizidi. Hata hivyo hana haraka ya kuuza. Hupitisha kidole kwenye mpira, akaufuta kwa maji ya sabuni, akaketi kwenye kiti cha dereva na kuwasha waipa. Mpira uliochanika anaubadilisha. Uliokuwa mchafu tu, mteja anaondoka nao.

"Nyingi wanazosema zimekufa, zina uchafu tu," anasema. "Nikuuzie mpya wakati ya zamani bado nzima? Ukija kujua utanikwepa."

Ameketi kwenye viti vya madereva mara zisizohesabika, lakini kuendesha gari hakuwahi kujifunza. Mwaka huu imembidi.

Mumewe alikuwa dereva wa teksi. Walijuana hapa hapa. "Alikuja mara tatu ndani ya wiki moja," anacheka. "Waipa gani hiyo inaharibika mara tatu? Nikajua huyu ana lake jambo."

Miezi minane iliyopita daktari alimwambia mume huyo kuwa macho yake yamefika mahali ambapo hapaswi tena kushika usukani. Teksi ikafunikwa turubai uani. "Kila nikiliona lile turubai roho inaniuma," anasema Mama Waipa. "Yeye bila barabara hana raha." Wakakubaliana mke atafute leseni, teksi irudi kazini, na mume akae pembeni kuelekeza njia.

Amefeli mtihani mara mbili, na si kwa woga. Mara ya kwanza aliona mchirizi kwenye kioo, akaukodolea macho, akapita alama ya kusimama bila habari. Mara ya pili mvua ilikuwa inanyesha, na waipa ya kulia ikawa inaruka kila ikifika katikati.

"Nilivumilia weee, nikashindwa. Nikaegesha, nikashuka, nikaiweka sawa. Mtahini akaniuliza, 'Mama, umekuja kutengeneza au kuendesha?' Tukacheka wote. Akanifelisha."

Mtihani wa tatu ni Alhamisi. Alipanga kuwahi mapema na kuomba ruhusa asafishe waipa za gari la mtihani, ili pasiwe na kitu cha kumwita kwenye kioo. Mumewe amekataa katakata.

Jioni nyumbani kwao, turubai limekunjwa. Wameketi ndani ya teksi iliyozimwa, mke kwenye usukani, mume pembeni. Kioo cha mbele kina vumbi la miezi minane. Mkono wa Mama Waipa unakwenda kwenye kitambaa.

"Acha hivyo hivyo, mama watoto," anasema mumewe. "Unaona nini?"

"Vumbi. Na alama ya mpira hapo juu, ule mpira umekauka."

"Haya, pita hapo. Mbele yake kuna nini?"

Mama Waipa anakunja uso, kisha anautuliza. "Geti. Liko wazi."

"Na nje ya geti?"

"Barabara. Kuna mama mmoja ana ndoo, anataka kuvuka."

Mumewe anaangalia upande huo huo kwa muda.

"Mimi simwoni," anasema, na anatabasamu. "Basi msubiri avuke, halafu tuondoke."